Kukua Baada ya Kiwewe: Alichosema Richard Tedeschi na Asichosema

Watu wengi waliosikia habari za ukuaji baada ya kiwewe, yaani mabadiliko mema yanayoweza kumjia mtu anapopambana na matokeo ya tukio lililomuumiza sana, wamezisikia zikiwa zimefupishwa mno, hata kilichobaki ni maneno machache ya kumtia moyo aliyeangukiwa na msiba: kwamba mateso humkomaza mtu, na kwamba baada ya dhiki ni faraja. Richard Tedeschi, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye pamoja na mwenzake aliipa dhana hii jina na kuitumikia kwa miongo kadhaa, hakusema hivyo. Alichosema ni kigumu zaidi na kina masharti mengi, na sehemu yake moja bado inabishaniwa na watafiti wenzake. Anayetaka kuielewa kazi yake hana budi kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: maumivu yenyewe, mabadiliko yanayoweza kuyafuata, na masimulizi ambayo mtu huyatoa kuhusu mabadiliko hayo.

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba kazi hii haikuanza na kiwewe. Tedeschi, aliyesomea saikolojia ya tiba, alijiunga na Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Charlotte katika miaka ya 1970, na hapo akafanya kazi na Lawrence Calhoun, ambaye jina lake limeambatana na lake katika karibu kila andiko muhimu la uwanja huu. Wawili hao walitaka kuchunguza busara: nani huipata, na kwa njia gani. Kwa kuwa busara haina kipimo cha wazi, waliona ni heri wawaendee watu ambao maisha yaliwalazimisha kufikiri upya. Katika miaka ya 1980 walizungumza na watu wazima waliopata ulemavu na wanawake waliofiwa na waume zao. Katika mazungumzo hayo walisikia huzuni, kama walivyotarajia, lakini walisikia pia jambo lililojirudia kwa watu wasiofahamiana: kwamba ndani ya msiba ule, na bila kuushukuru msiba wenyewe, mtu alikuwa amebadilika kwa namna ambayo asingependa kuipoteza.

Wazo hilo si geni katika historia ya fikra. Dini na falsafa za kale zililigusa, na Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyenusurika kambi za mateso za Wanazi, aliandika mwaka 1946 kuhusu binadamu anavyoweza kutafuta maana hata katika hali isiyo na matumaini. Lililokosekana ni uchunguzi wa kitabibu wenye vipimo. Mwaka 1980 Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliingiza katika mwongozo wake ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe, na tangu hapo utafiti mwingi ukaelekezwa kwenye madhara: ndoto za kutisha, kumbukumbu zinazovamia bila kualikwa, mshtuko wa yule ambaye methali inasema aliumwa na nyoka na sasa hushtuka akiona ung'ongo. Utafiti huo ulikuwa wa lazima, na Tedeschi hakuupinga popote. Aliongeza tu safu ya pili kwenye daftari ambalo hadi wakati huo lilikuwa likiandikwa hasara peke yake. Jina la dhana yenyewe lilipatikana katikati ya miaka ya 1990, katika kitabu alichokiandika na Calhoun mwaka 1995 na katika makala ya mwaka 1996 iliyoleta dodoso lao maarufu la kupima ukuaji huo.

Sasa tuje kwenye nadharia yenyewe. Tedeschi na Calhoun hupenda kuufananisha msiba mkubwa na tetemeko la ardhi, na ulinganisho huo unafaa kufuatiliwa kwa makini kwa sababu ndani yake mna kiini cha hoja. Kinachotikiswa ni imani za msingi ambazo kila mtu hubeba bila kuzitamka: kwamba dunia ina mpangilio fulani, kwamba mtu mwema hapatwi na mabaya ovyo, kwamba kesho itafanana na leo. Hapa walijenga juu ya kazi ya mwanasaikolojia Ronnie Janoff-Bulman, aliyeeleza mwaka 1992 jinsi dhana hizo zinavyovunjika. Mzazi anayemzika mtoto wake hakumpoteza mtoto peke yake. Amepoteza pia kanuni iliyomwambia kwamba watoto huwazika wazazi. Baada ya tetemeko, mji unaweza kujengwa upya kama ulivyokuwa, au unaweza kujengwa kwa nguzo zinazostahimili mtikisiko ujao. Ukuaji ni ujenzi wa namna hii ya pili.

Kutokana na hapo yanafuata mambo mawili ambayo wasimulizi wa haraka huyasahau. La kwanza ni kwamba tetemeko halijengi chochote. Kinacholeta ukuaji, kwa maelezo ya Tedeschi, ni mapambano ya mtu na matokeo ya tukio. Tukio lenyewe ni uharibifu mtupu, na hakuna anayepaswa kuliita zawadi. La pili linawachanganya hata wasomi: ukuaji si ustahimilivu. Mtu mstahimilivu ni yule anayeyumba kidogo kisha akarudi katika hali yake ya awali, na utafiti wa mwanasaikolojia George Bonanno kuhusu wafiwa umeonyesha kwamba watu wa namna hiyo ni wengi kuliko ilivyodhaniwa. Lakini ambaye imani zake hazikutikisika hana cha kujenga upya. Kwa hiyo mstahimilivu sana anaweza kuripoti ukuaji mdogo, na hilo si upungufu kwake hata kidogo. Aliyejeruhiwa kiasi cha kuvunjikiwa na mtazamo wake wa dunia, ilhali angali na nguvu za kufikiri, ndiye aliye karibu zaidi na mabadiliko.

Fikra hizo hupita njia gani? Siku za mwanzo mawazo hayaongozwi na mwenyewe. Picha za tukio hujirudia, usingizi hukatika, na swali la «kwa nini mimi?» huzunguka bila kupata jibu. Tedeschi na wenzake hukuita huku kurudiarudia kunakovamia, na ni alama ya dhiki. Kadiri muda unavyopita, kwa baadhi ya watu, kurudiarudia huko hugeuka taratibu kuwa tafakari ya makusudi: mtu anakaa na jambo kwa hiari, analiuliza maswali mapya, anatafuta nini bado kinasimama na nini hakisimami tena. Mwaka 2011 kundi lao la watafiti lilitoa dodoso la kutenganisha aina hizi mbili za kufikiri, kwa sababu nadharia nzima inategemea tofauti hiyo. Mwendo kutoka ya kwanza hadi ya pili hausukumwi na muda peke yake. Unahitaji hisia zitulie kiasi, unahitaji mtu wa kusikiliza asiyekimbilia kutoa ushauri, na unahitaji masimulizi, yaani mtu apange upya hadithi ya maisha yake ili msiba uwe sura mojawapo, wala usiwe ukurasa wa mwisho.

Dodoso la mwaka 1996 lina sentensi 21. Mhojiwa hutoa alama kuanzia 0, ikimaanisha hakuona badiliko hilo, hadi 5, ikimaanisha ameliona kwa kiwango kikubwa sana. Hivyo jumla ya juu kabisa ni 105. Walipochambua majibu kitakwimu, sentensi hizo zilijigawa katika maeneo matano. Eneo lenye sentensi nyingi zaidi ni uhusiano na watu wengine: huruma iliyoongezeka, ujasiri wa kukubali kusaidiwa, ukaribu ambao haukuwapo. Kuna kuona njia mpya maishani, kama kwa mtu aliyeacha kazi aliyoizoea akaanza kuwahudumia waliopatwa na yaliyompata. Kuna kuithamini zaidi siku iliyopo. Kuna nguvu binafsi, na hapa ndipo penye mkanganyiko unaovutia, kwa kuwa wanaoripoti nguvu hiyo mara nyingi husema papo hapo kwamba wamejigundua kuwa dhaifu kuliko walivyodhani: wanajua wanaweza kuangushwa wakati wowote, na wanajua pia kwamba walishaangushwa wakainuka.

Eneo la tano, la kiroho, lilisumbua tangu mwanzo. Lilikuwa na sentensi mbili tu, moja kuhusu kuelewa mambo ya roho na nyingine kuhusu imani ya dini kuimarika. Dodoso lililotungwa kusini mwa Marekani, mahali ambapo dini ni lugha ya kila siku, lilipopelekwa kwa watu wasioshika dini lilionekana kuwauliza jambo lisilowahusu. Mwaka 2017 Tedeschi na wenzake, akiwamo Kanako Taku, walitoa toleo lenye sentensi 25, zile nne za nyongeza zikigusa maswali ya uhai na kifo na nafasi ya binadamu ulimwenguni, baada ya kulijaribu Marekani, Uturuki na Japani. Kwa mtazamo wangu marekebisho haya yanamweleza mtafiti huyu kuliko sifa nyingi alizopewa, kwa sababu yalitokana na kukubali kwamba kipimo chake kilikuwa na lafudhi ya mahali kilikozaliwa.

Ukosoaji mkubwa zaidi, hata hivyo, haukuhusu dini. Ulihusu jambo la msingi kabisa: je, mtu anaposema amekua, amekua kweli? Tazama kazi ambayo dodoso linamtwisha mhojiwa. Anapaswa kupima alivyo sasa, akumbuke alivyokuwa kabla ya tukio, alinganishe hali hizo mbili, kisha aamue ni kiasi gani cha tofauti kilitokana na tukio na si na umri, ndoa, kazi au mambo mengine. Kumbukumbu ya binadamu haina uaminifu wa kiwango hicho. Isitoshe, mtu aliyeumia anaweza kuishusha picha yake ya zamani bila kujua, ili ya sasa ionekane imepanda. Tangu mwaka 1983 mwanasaikolojia Shelley Taylor, akitokana na mahojiano na wanawake wenye saratani ya matiti, alikuwa ameonyesha kwamba watu waliotishiwa na maisha hujijengea imani nzuri kuhusu nafsi zao na hali zao, baadhi yake zikiwa zimepita ukweli, na kwamba imani hizo huwasaidia kuishi. Ikiwa ndivyo, alama za juu katika dodoso zinaweza kuwa dawa ya kutuliza maumivu na si ushahidi wa kupona.

Jaribio lililoipa hoja hiyo uzito lilichapishwa mwaka 2009 na Patricia Frazier na wenzake. Walifanya jambo ambalo ni gumu kulifanya katika uwanja huu: waliwapima wanafunzi wengi wa chuo kikuu mapema, wakasubiri takriban miezi miwili, kisha wakawapima tena, wakiwachagua wale zaidi ya 100 ambao katika muda huo walipatwa na tukio la kuumiza. Kwa wanafunzi hao walikuwa na vitu viwili vya kulinganisha, badiliko halisi kati ya vipimo vya kwanza na vya pili, na badiliko ambalo mwanafunzi mwenyewe alidai kuliona. Kwa ujumla viwili hivyo havikuafikiana. Kibaya zaidi, ukuaji uliodaiwa uliendana na dhiki iliyoongezeka, ilhali ukuaji uliopimwa uliendana na dhiki iliyopungua.

Watetezi wana majibu yasiyo mepesi. Miezi miwili ni muda mfupi mno kwa mchakato ambao nadharia yenyewe inasema huchukua miezi mingi na hata miaka. Mtu aliyepimwa katikati ya kifusi hatakutwa amemaliza kujenga. Vipimo vilivyotumika kupata badiliko halisi havikulingana neno kwa neno na sentensi za dodoso. Tena, kuna mabadiliko, hasa ya namna ya kuithamini siku au kuiona dunia, ambayo hayana shahidi mwingine isipokuwa mwenyewe. Majibu haya yana nguvu, ila hayalizimi swali. Andreas Maercker na Tanja Zoellner walipendekeza kwamba ukuaji una nyuso mbili kama Janus, mungu wa Warumi, uso mmoja ukiwa wa mabadiliko ya kweli na mwingine wa kujifariji, na kwamba nyuso zote mbili zinaweza kuwa za mtu mmoja kwa nyakati tofauti. Naona hapo ndipo mjadala unapostahili kukaa, ingawa si pahali pa raha kwa anayetaka jibu la ndiyo au siyo.

Takwimu zilizokusanywa zinaonyesha kwa nini jibu rahisi halipatikani. Uchambuzi wa tafiti 87 uliotolewa mwaka 2006 na Vicki Helgeson na wenzake ulikuta kwamba wanaoona manufaa baada ya shida huwa na sonona ndogo na hali bora ya nafsi, lakini huwa pia na mawazo mengi zaidi yanayovamia kuhusu tukio. Ukidhani ukuaji ni kinyume cha maumivu, matokeo hayo yanapingana. Ukishika maelezo ya Tedeschi kwamba yote mawili huishi pamoja, yanaeleweka. Mwaka 2014 uchambuzi mwingine, wa tafiti 42, ulionyesha kwamba uhusiano kati ya dalili za mfadhaiko na ukuaji unafanana na kilima: dalili zikiwa chache mno ukuaji ni mdogo, zikiwa za wastani ukuaji hupanda, na zikizidi kiasi ukuaji hushuka tena, kwa kuwa mtu aliyezidiwa hana nafasi ya kutafakari. Kwa upande wa wingi, uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya makala 26 ulikuta takriban nusu ya waliopatwa na kiwewe wakiripoti ukuaji wa kiwango cha kati au zaidi. Nusu ni wengi kuliko dhana ya kwamba kiwewe huharibu tu, lakini maana yake pia ni kwamba nusu nyingine haikuripoti hivyo, na kuwaambia hao kwamba wamekosea mahali fulani ni kuwaongezea jeraha juu ya jeraha.

Dodoso la awali lilikuwa na kasoro nyingine iliyoonekana wazi: liliuliza mema pekee. Mtu ambaye uhusiano wake na jamaa ulikufa baada ya msiba hakuwa na mahali pa kulisema hilo. Mwaka 2008 watafiti wa Charlotte, Tedeschi akiwamo, walichapisha toleo la sentensi 42 ambapo kila sentensi ya ukuaji ina pacha wake wa upungufu. Ilibainika kwamba watu huripoti yote mawili, hata katika eneo lilelile, na kwamba upungufu huripotiwa kwa kiwango kidogo kuliko ukuaji. Mtu huweza kuwa karibu zaidi na dada yake na mbali zaidi na marafiki wote.

Sehemu ya mwisho ya kazi ya Tedeschi imekuwa miongoni mwa wanajeshi. Mwaka 2011, akishirikiana na Richard McNally, alieleza jinsi ukuaji unavyoweza kuwezeshwa kwa waliotoka vitani: kwanza wafahamishwe kwamba kutikisika kwa mwili na imani ni jambo la kawaida baada ya kiwewe, wafundishwe kutuliza hisia, wapate nafasi ya kusema yaliyowasibu, waunde masimulizi yenye mpangilio, na hatimaye wajiwekee misingi mipya ya kuishi. Baadaye aliongoza taasisi ya ukuaji baada ya kiwewe ya Boulder Crest, ambayo makao yake yalianzia Bluemont, Virginia, na inaendesha mafunzo ya aina hiyo kwa wanajeshi wastaafu. Hapa lazima kuwe na tahadhari. Dhana iliyozaliwa kwa kuwasikiliza wajane inapoingia mikononi mwa jeshi, au ya taasisi yoyote yenye haja ya kuwarudisha watu kazini, inaweza kugeuka kuwa dai: tulikupeleka mahali pa kukuvunja, sasa tuonyeshe ulivyokua. Nadharia haisemi hivyo, lakini nadharia haiwezi kujilinda yenyewe dhidi ya anayeitumia.

Kinga iliyopo inapatikana katika namna Tedeschi na Calhoun wanavyomwelekeza mtaalamu akae na aliyeumia. Wanamtaka awe msindikizaji mwenye ujuzi: anayesafiri pamoja na mtu bila kumvuta, anayeweza kusikiliza yale yale yakirudiwa kwa mara ya kumi, na asiyetafuta upande mzuri wa jambo. Habari za ukuaji hazianzishwi na mtaalamu. Anangoja. Siku mhusika mwenyewe akidokeza, pengine kwa sentensi ya kupita tu, kwamba siku hizi anaweza kukaa na mgonjwa bila kuogopa, mtaalamu hulishika neno hilo na kumwomba alieleze zaidi. Asipodokeza, mazungumzo yanabaki kwenye maumivu, na kazi bado ni halali.

Tedeschi mwenyewe aliongoza kwa miaka mingi kundi la wazazi waliofiwa na watoto wao, na mpangilio wa kundi la namna hiyo unaeleza mambo ambayo sentensi 21 haziwezi kuyapima. Mzazi aliyefiwa wiki chache zilizopita huketi karibu na yule aliyefiwa miaka kumi iliyopita. Humwona akilia anapolitaja jina la mtoto, na katika kikao hicho hicho humwona akimsogezea mwenzake kiti, akimuuliza swali ambalo mtu asiyewahi kufiwa asingethubutu kuliuliza. Hakuna anayemwambia mgeni huyo lolote kuhusu kukua.